Siri ya mtungi aijuaye kata: namna ya kuacha pombe ukishikwa mkono na walioiacha

Saa kumi na moja jioni ndio saa mbaya. Kama unakunywa venye mimi nilikuwa nakunywa hauhitaji kuelezwa. Mchana unaweza shinda poa kabisa, unaweldi milango yako hapo Shabab, mtaa wa Nakuru, unaongea na kastoma, unakula githeri na wenzako, na hata unajiambia leo naenda nyumbani moja kwa moja nipate watoto hawajalala. Alafu jua likianza kushuka mkono unaanza kutetemeka kidogo, mate yanajaa mdomoni, na miguu inajua njia kukuliko. Kutoka kwa karakana yetu mpaka nyumba nilikuwa nimekodi Kaptembwa nilikuwa napita pahali tano pa kununua pombe, na ya mwisho ilikuwa ploti jirani, wanauza kwa dirisha la jikoni.

Nina miaka sita bila kuonja. Kabla ya hio niliacha peke yangu mara nyingi sana, niliapa mbele ya mama, niliapa kanisani, nilikunywa dawa za mizizi, nilihama nyumba mara mbili nikidhani shida ni majirani, na kila mara ilikuwa siku tatu, wiki, kuna wakati ilifika mwezi na nusu alafu narudi nikiwa na kiu kuliko kwanza. Kitu kilishika ni watu watatu ambao walikuwa wamekunywa kuniliko. Daktari alinisaidia mwili na namshukuru, pasta aliniombea na namshukuru, lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na hawa watatu walikuwa kata. Hii nimeandika ni ya mtu anataka kufanya hivyo hivyo na hajui aanzie wapi.

Mwili kwanza, kabla hata ya kutafuta watu

Naanza na hii juu inaua na wengi hawajui. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi lazima utoe loki, ile glasi ya kuondoa hangova, ndio mikono itulie ushike kikombe, tafadhali usiamke Jumatatu useme nimeacha alafu ujifungie kwa nyumba. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unashtuka. Kuanzia masaa 6 hivi baada ya glasi ya mwisho unaanza kutetemeka, jasho, kutapika, moyo unaenda mbio, usingizi unakataa kabisa. Ndani ya masaa 48 mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Na kati ya siku ya pili na ya nne kuna ile mbaya zaidi, mtu anaona wadudu kwa ukuta, anaongea na watu hawapo, joto linapanda, hajui ako wapi, na hio bila hospitali mtu anaweza kufa. Si kila mlevi anafika huko. Lakini huwezi kujua kama ni wewe mpaka ikufikie, na kama ulishawahi kuanguka hivyo siku za nyuma basi ujue inaweza kurudi na nguvu zaidi.

Kwa ploti tulikuwa tunakaa kulikuwa na kijana wa kushona viatu, aliacha mwenyewe wiki ya Pasaka bila kuambia mtu. Siku ya pili akaanguka mlangoni kwake, kichwa kimeangukia ile ngazi ya simiti, miguu inapiga piga, wamama wakasema amerogwa na mmoja akakimbia kuleta kijiko amuingizie kwa meno. Usiweke kijiko wala kidole. Mlaze ubavu, toa vitu ngumu karibu na kichwa, weka sweta au leso chini ya kichwa, legeza shati kwa shingo, angalia saa ujue imechukua dakika ngapi, na mwingine akimbie kutafuta gari. Tulimpeleka na pikipiki tatu, moja imembeba katikati ya watu wawili, kitu sikushauri ufanye kama kuna gari. Alipona. Ndiye anatengeneza viatu vya shule vya watoto wangu mpaka leo.

Kwa hivyo nenda hospitali kwanza. Nakuru kuna ile Level Five ya kaunti, Kisumu kuna Jaramogi ambayo wazee bado wanaiita Russia, Eldoret kuna Moi Referral. Ukifika sema ukweli wote, nakunywa kiasi hiki kwa siku, nakunywa chang'aa au ya chupa, mara ya mwisho ilikuwa saa fulani. Usipunguze juu ya aibu, daktari anapima dawa kulingana na hizo hesabu zako. Anaweza kukupea dawa ya kutuliza mwili kwa siku chache, mara nyingi ni jamii ya diazepamu, na vitamini B1 inaitwa thiamini, juu pombe inaikausha mwilini na mtu akiikosa kabisa ubongo unaharibika, anasahau mpaka vitu vya jana. Hizo za kutuliza usijinunulie kwa kemisti. Zikikutana na pombe zinaweza kusimamisha pumzi, na zenyewe pia mtu huzizoea. Uliza mapema SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, inalipia nini hapo, usingoje bili. Na kama hujui uanzie wapi au ni usiku na umechanganyikiwa, NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wako na namba ya bure, 1192, inashikwa mchana na usiku.

Kitu kingine hapo hapo, siku za kwanza watu wengi huingiwa na mawazo meusi. Kama mwenzako anasema afadhali nife, usimwambie aombe alafu ukalale. Kaa naye, na umpeleke hospitali usiku huo huo.

Kwa nini mlevi mwenzako na si mtu mzuri tu

Kuna stori hupenda kuambia wageni. Mwaka wa 1935 kulikuwa na jamaa wa New York anaitwa Bill Wilson, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, akasafiri mpaka mji wa Akron huko Ohio, Marekani, kwa mambo ya biashara na biashara ikaanguka. Akabaki hotelini mfuko hauna kitu. Upande mmoja kuna baa, anasikia watu wanacheka, upande mwingine kuna simu. Akaenda kwa simu akaanza kupigia wachungaji wa mji huo akiuliza kama kuna mlevi yeyote wanamjua anaweza kuongea naye. Mwishowe akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikuwa anakunywa mpaka kazi inaharibika. Daktari alikuwa amesema atampea dakika 15 pekee, wakakaa masaa mengi mpaka usiku. Daktari alikunywa mara ya mwisho mwezi wa Juni mwaka huo, na tarehe 10 Juni 1935 ndio AA, yaani Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, huhesabu kama siku yao ya kuanza.

Sasa angalia vizuri nani alikuwa na shida pale. Bill hakupiga simu ati aokoe daktari, hata hakumjua. Alipiga ndio yeye mwenyewe asiingie ile baa. Hii ndio kitu ilinichukua muda kuelewa, nilikuwa nadhani nikimpigia mtu nasumbua, kumbe jamaa mmoja wa boda aliyenipea namba yake alikuwa ananihitaji kama vile mimi namhitaji. Ukimpigia unamshikilia. Mtu ambaye hajawahi kutetemeka asubuhi atakuambia kwani si uache tu, na hana ubaya, ni vile hajui. Mwenye alipitia hakuambii uache, anakuuliza umekula.

Na haya si ya ng'ambo peke yake. Hapo Eldoret wamefanya utafiti kwa watu wanaoishi na HIV na wanakunywa, wakafunza watu wa kawaida ambao si madaktari kuongoza vikundi, mnakutana mara moja kwa wiki kwa wiki sita, na waliokaa kwa hivyo vikundi walipunguza kunywa kuliko wale waliofunzwa mambo ya afya ya kawaida tu.

Unawapata wapi

AA iko Kenya miaka mingi, mikutano yao mara nyingi ni kwa vyumba vya kanisa ingawa wao si kanisa. Uliza kliniki ya akili ya hospitali kubwa, uliza rihabu iliyo karibu hata kama huna pesa ya kulazwa, juu waliotoka hapo huwa wanarudi kusaidia na wanajua nani anakutana wapi. Uliza mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, yule anazunguka nyumba kwa nyumba na mkoba, huwa anajua ni nani aliacha. 1192 pia waulize. Kuna mikutano iko wazi, unaweza enda na mke au dada, na kuna ile imefungwa, ni ya wenye shida ya pombe peke yao. Hakuna kiingilio. Kikapu kinapita, ukiwa na ishirini weka, ukikosa pitisha, hakuna mtu atakuangalia. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Hauulizwi dini, kabila, wala jina lako la pili.

Nenda mara sita kabla useme si yako. Mara ya kwanza utaona kila mtu ni mzee kukuliko au anaongea Kiingereza mingi ama analia sana, na utatoka ukisema mimi sijafika hapo. Mimi nilisema hivyo nikiwa nimelala kwa mtaro wiki hio hio.

Kwa dada zetu nataka niseme hii kando. Wanawake wanakunywa wakificha, kwa kikombe cha chai, kwa chupa ya soda, na aibu yao mtaani ni mara mbili ya yetu, mwanaume akilewa anaitwa mlevi lakini mama akilewa anaitwa majina mengine. Na wengine ndio wanapika chang'aa kulisha watoto kwa hivyo kuacha ni kuacha na kazi. Tafuta mwanamke mwenzako ndio awe wa kukushika mkono, hata kama ni mmoja na ako Molo na wewe uko Nakuru, simu itafanya. Mwanaume anayejitolea sana kukusaidia wewe peke yako usiku, hapana. Na wanaume pia vile vile, tafuteni wanaume.

Kama hakuna karibu, anzisheni

Watu wawili wanatosha, watatu ni kikundi. Sisi tulianza watatu, mimi, jamaa wa boda, na mwalimu mmoja mstaafu aliyetoka Bungoma ambaye alikuwa na miaka kumi na moja bila pombe. Tulikuwa tunakaa kwa karakana yetu baada ya kufunga, kwa vigoda vya mbao na debe moja la rangi limepinduliwa. Kama umewahi kukaa kwa chama unajua tayari kuendesha hii kitu, siku moja haibadilishwi, saa moja haibadilishwi, mtu akikosa anatafutwa. Ile tofauti ni kwamba hapa hakuna pesa. Nitarudi kwa hio ya pesa.

Saa ya kukutana ichagueni na akili. Ile sheria ya pombe ya 2010, wengi wanaiita sheria ya Mututho juu aliileta John Mututho akiwa mbunge wa Naivasha, hapa kaunti yetu, ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za wiki na saa nane wikendi. Mtaani hawafuati sana lakini mwili wangu uliifuata, na kazi nyingi za mkono pia zinaisha saa hio hio. Kwa hivyo tulisema tunakutana saa kumi na moja na nusu, Jumanne na Ijumaa. Mkutano wa Jumapili saa nne asubuhi ni mzuri lakini hakuna mtu anashikwa na kiu akitoka kanisani, weka mkutano pahali shimo liko. Na mwisho wa mwezi ongezeni siku.

Mkikaa, inaenda hivi. Mmoja anafungua, anasema jina lake moja na kwamba yeye ni mlevi, na ana siku ngapi. Kila mtu anaongea dakika tano hivi kuhusu yeye mwenyewe, mwenye hataki anasema leo nasikiza tu. Mtu akiongea hakuna kukata, hakuna kutoa ushauri, hakuna kusema ungefanya hivi. Hii ndio ngumu kuliko zote juu sisi tunapenda kushauri, lakini mtu akishauriwa ananyamaza, na akinyamaza ameenda. Kama umepitia kitu kama chake, ngoja zamu yako useme yako. Yanayosemwa hapo yanabaki hapo, hata bibi yako usimwambie, na yule akienda kuyatoa nje aambiwe mara moja na mara ya pili asirudi. Mtu akija amelewa akae, apewe chai, asiongee siku hio.

Lugha changanyeni. Mwalimu akifika pahali pagumu alikuwa anaingia Kibukusu bila kujua, na hatukuelewa neno lakini tulielewa.

Chai iwe na sukari ya kutosha, na kama kuna mandazi ni vizuri zaidi. Miezi ya kwanza mwili unalilia utamu, pia njaa na hasira zinajifanya kiu ya pombe. Ukishikwa, kula kwanza.

Sasa pesa. Msikopeshane. Nimeona vikundi viwili vikivunjika, na vyote ni elfu mbili, elfu tatu, mtu amekopa, ameshindwa kulipa, anaogopa kuja, na kwa sababu anaogopa kuja amerudi kwa keg. Ukitaka kumsaidia mwenzako mnunulie unga, usimpee pesa mkononi, na mtu wa miezi miwili usimwekee pesa ya kikundi. Na msikubali mwanasiasa awanunulie viti na tisheti, wala mtu yeyote kugeuza hicho kikao kuwa chake. Mkianza kupigwa picha, wale wanaojificha hawatakuja tena, na hao ndio mlikuwa mnawangojea.

Simu kabla, si baada

Hii ndio kazi yenyewe. Kikundi ni masaa mawili kwa wiki, zingine zote unazikaa wewe. Andika namba tatu kwa karatasi, si kwa simu pekee juu simu huuzwa na huzima, karatasi iingie kwa mfuko wa shati. Piga kila siku ukiwa sawa, hata kama ni kusema niko tu, ndio siku ya shida mkono usione ugeni kupiga. Kama huna kredo flashi, na mkubaliane kabisa kwamba flashi mbili zinafuatana maana yake ni sasa hivi.

Nikuambie yangu. Mwaka wa kwanza, Ijumaa moja mwezi wa kumi na moja, kastoma alinilipa geti, elfu kumi na nane, keshi. Sikumbuki nikitembea. Nakumbuka nimesimama mbele ya duka la mizinga ya pombe nimeshika grili. Hizo grili ni sisi mafundi hutengeneza, na hio ilikuwa yangu, kwa kona ya chini kuna pahali weldi ilivimba sikuigrindi vizuri, nikawa naiangalia huku mkono mwingine mfukoni unatenga noti ya elfu kutoka kwa zingine. Muuzaji ananiuliza ni gani. Nikaflashi mara mbili. Jamaa wa boda akapiga, sikumsalimia, nikamwambia tu niko kwa grili.

Akauliza, "Umelipa?"

Nikasema bado.

"Rudi nyuma hatua kumi alafu uniambie unaona nini."

Nikarudi nyuma. Nikamwambia naona mama anachoma mahindi.

"Nunua mbili. Usikate simu, naja."

Alikuja baada ya kama dakika ishirini, alikuwa amebeba mteja akamshusha njiani akamrudishia pesa yake. Tukakaa kwa ukingo wa barabara tukakula mahindi ya ndimu na pilipili, tukaongea kuhusu kuku wake waliokuwa wanakufa, vile ameambiwa ni baridi na yeye anadhani ni chakula. Hakuniuliza kitu. Giza likaingia, akanibeba mpaka mlangoni, akanisindikiza mpaka aone nimempatia mama watoto zile pesa zote, kumi na nane kutoa hamsini ya mahindi.

Kwa hivyo ukipigiwa wewe, fanya hivyo. Uliza kama amelipa, kama ameonja, ako wapi. Mtoe pahali alipo kwa miguu, hata hatua kumi. Mpatie kitu cha kufanya na mikono. Ongea kitu kingine. Kiu ikipanda inakaa kama haitaisha, lakini mara nyingi ndani ya nusu saa imeshuka, kwa hivyo kazi yako ni hio nusu saa tu. Na kama ameshaonja usimhubirie, enda umchukue ama utume mtu.

Mishahara, njia na sherehe

Badilisha njia ya kwenda nyumbani hata kama inaongeza dakika kumi na tano. Mimi nilianza kuzungukia upande wa shule. Enda kwa wale wanaokukopesha pombe, mchana, ukiwa na mwenzako, lipa deni na uwaambie wasikupee tena. Wengi watakuheshimu, yule mama wa dirisha la jikoni alinikatalia mara moja na akanifungia dirisha, Mungu ambariki. Pesa kubwa ikiingia iende kwa mtu mwingine siku hio hio, mke, dada, yeyote wa kuaminika, mwaka wa kwanza wote.

Sherehe ndizo hunyang'anya watu. Ruracio, ile sherehe ya mahari, kuna muratina, matanga ya magharibi kuna chang'aa usiku kucha, na Bungoma ule mwezi wa nane wa miaka ya kutahiri, 2024, 2026, busaa iko kila boma na mzee akikuletea mrija ukatae inaonekana umemdharau. Mwalimu wetu alikuwa na njia yake. Alikuwa anaenda na mwenzake mmoja, kila mahali wako wawili, anafika asubuhi, anachukua kazi ya kushughulisha mikono, kupasua kuni, kuandika majina ya waliochanga, anashika chupa yake ya soda ambayo amefungua mwenyewe, na jua likianza kushuka anaaga. Mzee akimletea anashika mrija kwa mikono miwili kwa heshima, anarudisha, anasema "Baba, mimi niliacha, nibariki hivyo hivyo." Anasema hakuna mzee hata mmoja alikasirika, waliosumbua ni marafiki wa rika lake. Na mwaka wa kwanza hakuenda kabisa, alituma mchango na akapiga simu. Huo mwaka mmoja familia itakusamehe.

Ukiteleza

Wengi huteleza. Mimi niliteleza mwezi wa nne. Piga simu usiku huo huo, usingoje upate siku saba safi ndio urudi kikundini, juu hizo siku saba zitakuwa miezi saba. Ukirudi unaanza kuhesabu siku upya, lakini ulichojifunza bado unacho. Na wale waliokaa, mtu akirudi msimwangalie vibaya wala kumuuliza kwa nini. Mpeni chai, akiwa tayari asimulie kilichotokea ile siku tangu asubuhi, alilala saa ngapi, alikula nini, alikasirika na nani. Mara nyingi utapata glasi ilianza siku tatu kabla ya glasi.

Kuna hatari mbili hapo. Ukikaa muda bila pombe mwili umepoteza mazoea, kiasi ulikuwa unakunywa zamani kinaweza kukuangusha vibaya. Na kama ni ya kupikwa au ya chupa isiyoeleweka kunaweza kuwa na methanoli, aina ya pombe ambayo ni sumu. Mei 2014 watu wengi walikufa kaunti kadhaa, Embu na Makueni zikiwemo, na wengine wakapofuka. Methanoli inaweza kukaa masaa mengi kabla kuonyesha, hata siku nzima, kwa hivyo kama baada ya kunywa unaona ukungu, tumbo linauma sana, unapumua haraka, usilale ukisema ni hangova. Hospitali.

Mke, mume, mama wa nyumbani

Nitasema kidogo tu. Wao pia wameumia na wanahitaji watu wao, ndio maana 1951 huko Marekani wake wa walevi walianzisha Al-Anon, kikundi cha familia peke yao. Kama hakuna karibu, mke wako akae na mke wa mwenzako wa kikundi. Wangu alianza kunisamehe akiwa kwa hao wamama, mimi sikuwepo. Usimuombe msamaha kila siku, ashaisikia. Fika nyumbani saa ile ulisema.

Mgeni akija

Baada ya miezi kadhaa utakuwa wewe ndiye wa kupigiwa, na mgeni ataletwa na dada yake ama atasimama huko nje kwa barabara anajifanya anaongea na simu. Usimwite kwa sauti. Toka na kikombe cha chai, jaza nusu tu juu mikono yake inatetemeka na ikimwagika ataona aibu. Mwambie jina lako moja. Kiti chake kiwe karibu na mlango, na usikae wewe kati yake na mlango, ndio ajue anaweza kuondoka saa yoyote anataka. Akiondoka katikati mwache aende. Mpe karatasi yenye namba tatu kabla aketi, usingoje mwisho.